Toyota: Jina lililoanzia kwenye uzi

HEBU jaribu jambo hili, msomaji. Siku nyingine utakapokwama katika msongamano wa magari pale Jogoo Road au Thika Road, acha kumlaani dereva wako na uanze kuhesabu. Magari ya Toyota yaweke upande mmoja, na ya kampuni nyingine zote upande wa pili. Yamkini utachoka kabla foleni haijasonga mita mia moja.

Utaona teksi. Utaona pikapu ya mwenye duka imejaa kreti za soda, Land Cruiser ya polisi, na Probox iliyobeba watu tisa ilhali ina viti vitano. Hata ile matatu ya abiria 14 ambayo kwa miaka mingi tumeiita "Nissan", ukiitazama puani aghalabu utakuta ni Toyota Hiace. Kampuni moja ilipata jina, nyingine ikapata soko.

Sasa fikiria siku utakayokwenda kununua gari lako la kwanza. Umeweka akiba katika chama cha ushirika kwa miaka mitano, umekopa, umemwomba shemeji akuongezee kidogo. Unazunguka gari mara mbili, unapiga gurudumu teke kama unayejua unachotafuta. Muuzaji analipapasa bodi na kukuambia, "Ndugu yangu, hii ni Toyota." Maswali yako yanaishia hapo.

Je, umewahi kujiuliza neno hilo lilipata wapi nguvu ya kukunyamazisha hivyo? Na je, yule muuzaji ana haki ya kulitumia?

Kisa chenyewe hakianzi na magari. Kinaanza na nguo.

Mwana wa seremala

Sakichi Toyoda alizaliwa mwaka wa 1867 katika kijiji ambacho leo ni sehemu ya mji wa Kosai nchini Japani. Baba yake alikuwa seremala, naye alifunzwa kazi hiyo hiyo. Lakini macho ya kijana hayakuwa kwenye randa na misumari. Yalikuwa kwa wanawake wa kijijini waliokuwa wakifuma vitambaa kwa mikono tangu asubuhi hadi jioni, kwa mitambo ya mbao iliyowachosha na kutoa nguo kidogo.

Mwaka wa 1891 alipata haki ya uvumbuzi kwa mtambo wa mbao aliourekebisha mwenyewe. Hakutulia hapo. Aliendelea kuchokora mitambo kwa zaidi ya miaka 30, hata mwaka wa 1924, akisaidiana na mwanawe Kiichiro, akakamilisha mtambo uliokuja kujulikana kama Aina ya G.

Mtambo huo ulikuwa na ujanja mmoja unaostahili kuelezwa polepole. Katika kufuma nguo, uzi mmoja ukikatika na mtambo uendelee kwenda, kinachotoka ni nguo mbovu, mita baada ya mita. Kwa sababu hiyo ilibidi mtu asimame kando kuulinda kila mtambo. Ule wa Toyoda ulisimama wenyewe mara tu uzi ulipokatika. Mfanyakazi mmoja aliweza kusimamia mitambo mingi, kwa kuwa ule uliokuwa na tatizo ungejitangaza kwa kunyamaza.

Likumbuke jambo hilo la mtambo unaosimama, msomaji, kwa maana tutarudi kwake.

Sifa za mtambo huo zilivuka bahari. Mwaka wa 1929 kampuni ya Platt Brothers ya mji wa Oldham, Uingereza, ilikubali kulipa pauni 100,000 ili ipate haki ya kuutengeneza na kuuuza. Hebu pima maajabu hayo: eneo lililoifunza dunia kufuma nguo kwa mashine linanunua maarifa kutoka kwa mwana wa seremala wa Japani! Hata sisi huku yalitufikia. Nguo za pamba za Japani zilijaa katika maduka ya Afrika Mashariki miaka ya 1930, na babu zetu walivaa kazi ya Wajapani muda mrefu kabla ya sisi kuiendesha.

Tetemeko lililoleta magari

Wajapani wenyewe walikuwa na magari machache sana hadi Septemba 1923, wakati tetemeko kubwa la ardhi lilipoiangusha Tokyo. Reli za tramu ziliharibika na wakubwa wa mji wakaagiza kwa haraka magari ya Ford kutoka Marekani ili yatumike kama mabasi. Ford iliona soko, ikafungua kiwanda Yokohama mwaka wa 1925. General Motors ikafuata Osaka mwaka wa 1927.

Kiichiro Toyoda, aliyesomea uhandisi katika chuo kikuu cha Tokyo, alitazama hayo na kuona wivu. Baba yake alifariki mwaka wa 1930. Mwaka wa 1933 kijana huyo akafungua idara ya magari ndani ya kiwanda cha mitambo ya nguo. Alianza kwa njia ambayo fundi yeyote wa jua kali angeielewa: alichukua Chevrolet, akaifungua kipande kwa kipande, akachunguza kila kimoja kilitengenezwaje.

Lori lake la kwanza, G1, lilitolewa mwaka wa 1935, na gari la kwanza la abiria, AA, likafuata mwaka wa 1936. Usidhani yalikuwa magari ya kusifiwa. Malori yale yalikuwa yakiharibika barabarani kila mara, na mafundi wa kampuni walikuwa wakitumwa kuyarekebisha mahali yalipokwama. Toyota ya kwanza ilikuwa gari la kusukumwa!

Mwaka huo wa 1936 kampuni iliwaalika wananchi wapendekeze nembo, na ndipo Toyoda ikageuka kuwa Toyota. Sababu moja ni kwamba Toyota huandikwa kwa mikwaju minane katika herufi za Kijapani, na nane ni nambari ya bahati huko. Kampuni ya Toyota Motor ikasajiliwa tarehe 28 Agosti, 1937. Ishike tarehe hiyo pia.

Vita vilikuja, malori yakaenda jeshini, vita vikaisha na Japani ikabaki majivu. Ilipofika mwaka wa 1950 Toyota ilikuwa imezama katika madeni. Kiichiro alikuwa ameapa kwamba hangemfuta mtu kazi, lakini benki zilishikilia kwamba lazima watu wapunguzwe. Wafanyakazi waligoma. Mwishowe zaidi ya watu 1,500 walipoteza kazi, na Kiichiro, akiona aibu ya kuivunja ahadi yake, akajiuzulu pamoja nao Juni mwaka huo.

Kabla mwezi wenyewe haujaisha, vita vilizuka Korea. Jeshi la Marekani likahitaji malori upesi, na kiwanda kilichokuwa karibu kilikuwa cha Toyota. Kampuni ikafufuka kwa oda ambazo mwanzilishi wake hakuwapo ofisini kuzitia sahihi. Kiichiro alikubali kurudi uongozini lakini alifariki Machi 1952 akiwa na umri wa miaka 57, kabla hajakikalia kiti hicho tena.

Kamba ya kusimamisha kazi

Hapa ndipo ule mtambo wa nguo unaporudi. Katika kiwanda cha Toyota kulikuwa na mhandisi aitwaye Taiichi Ohno, aliyeanzia kazi katika kiwanda cha nguo cha familia ya Toyoda kabla ya kuhamia kwenye magari mwaka wa 1943. Ohno alishangaa kuona kwamba katika kiwanda cha magari kila mtu alilinda mashine moja, kana kwamba mzee Sakichi hakuwahi kuzaliwa. Akaanza kupanga mashine ili mtu mmoja asimamie kadhaa, na mashine zijizime zenyewe zikikosea.

Baadaye jambo hilo lilipelekwa hadi kwa wafanyakazi wenyewe. Kando ya mstari wa kuunganisha magari pakawekwa kamba. Mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa wiki iliyopita, akiona skrubu haikukaza au mlango haukukaa sawasawa, ana ruhusa ya kuivuta. Taa inawaka, msimamizi anakuja mbio, na tatizo lisipoisha mara moja mstari mzima unasimama. Kisha wanaulizana kwa nini kosa limetokea, na jibu likipatikana wanauliza kwa nini tena, mara tano ikibidi, hadi wafike kwenye mzizi.

Ohno alikuwa pia amevutiwa na jinsi maduka ya supamaketi ya Marekani yanavyojaza rafu kulingana na kile ambacho wateja wamechukua. Akaamuru kwamba vipuri visirundikwe stoo. Kila hatua ya kazi ingeagiza kutoka hatua iliyotangulia kiasi inachohitaji tu, kwa kadi ndogo. Palipo na marundo ya vipuri, kosa linaweza kujificha miezi. Pasipo na marundo, linaonekana siku hiyo hiyo.

Je, mambo hayo yalifanya kazi nje ya Japani? Mwaka wa 1984 Toyota na General Motors walifungua upya kiwanda cha Fremont, California, ambacho GM ilikuwa imekifunga miaka miwili nyuma kikiwa na sifa mbaya ya utoro na magari mabovu. Wengi wa wafanyakazi waliorudishwa walikuwa wale wale wa zamani. Kilichobadilika ni utaratibu, pamoja na kamba ile. Magari yaliyotoka hapo yakawa miongoni mwa yale mazuri ya GM.

Lakini sifa haikuja kwa siku moja. Mwaka wa 1958, wa kwanza wa mauzo huko Marekani, Toyota iliuza magari 288 pekee: Crown 287 na Land Cruiser moja. Crown lilitengenezwa kwa barabara mbovu na za polepole za Japani. Kwenye barabara kuu za California lilichemka na kutetemeka, na haukupita muda mrefu likaondolewa sokoni. Ile Land Cruiser ndiyo iliyobaki kuuzwa.

Vumbi la Safari

Land Cruiser ilitokana na gari aina ya jipu la mwaka wa 1951, ambalo siku za majaribio lilipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo hakuna gari lililokuwa limefika. Magari kama hayo yaliifaa Afrika kuliko California. Hapa kwetu yameunganishwa Mombasa, yamebeba walinzi wa wanyama, madaktari na maafisa wa wilaya. Si kila aliyeyapenda alikuwa na nia njema. Vita vya Chad na Libya vya mwaka wa 1987 viliitwa Vita vya Toyota, kwa sababu wanajeshi wa Chad walikimbia jangwani kwa pikapu za kampuni hiyo wakivishinda vifaru.

Kwa Mkenya aliyekuwa mtoto miaka ya 1980 na 1990, hata hivyo, Toyota ilikuwa jambo la Pasaka. Siku hizo mashindano ya Safari Rally yalipita maelfu ya kilomita za matope na vumbi, na vijiji vizima vilitoka kusimama kando ya barabara. Bjorn Waldegard alishinda kwa Toyota Celica mwaka wa 1984 na 1986, na katikati yake, 1985, Juha Kankkunen. Mwaka wa 1993 Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza. Mwaka uliofuata Ian Duncan, Mkenya, akaliwahi taji kwa Celica, na nchi nzima ikashangilia kana kwamba kiwanda kiko Kariobangi.

Halafu ikaja aibu. Mwaka wa 1995, katika mashindano ya Uhispania, wakaguzi waligundua kwamba Celica za Toyota zilikuwa na kifaa kilichofichwa kwa ustadi mkubwa kupitisha hewa zaidi ya ile iliyoruhusiwa kuingia katika turbo. Kampuni ilipigwa marufuku mwaka mzima. Mashindano ya Safari yaliporejea katika ratiba ya dunia mwaka wa 2021, Toyota iliyashinda, na ikarudia mwaka baada ya mwaka hadi 2025. Wapenzi wa mbio wana kumbukumbu fupi.

Siku kampuni iliposahau kamba

Aibu ya mbio za magari ilikuwa mchezo tu. Ile iliyofuata iliua watu.

Tarehe 28 Agosti, 2009, miaka 72 kamili tangu kampuni kusajiliwa, gari aina ya Lexus, ambalo ni Toyota ya matajiri, liliongeza kasi peke yake karibu na San Diego, Marekani. Dereva, ambaye alikuwa afisa wa polisi wa barabara kuu, hakuweza kulizuia. Yeye na jamaa zake watatu walikufa. Mmoja wao alikuwa amepiga simu ya dharura na Wamarekani baadaye waliisikia sauti yake kwenye runinga. Uchunguzi ulionyesha kwamba zulia la sakafuni, lisilokuwa la gari hilo, lilikikamata kikanyagio cha mafuta. Katika magari mengine kikanyagio chenyewe kilikuwa kikinata.

Mamilioni ya magari yakaitwa yarudishwe. Januari 2010 Toyota iliacha kuuza aina nane za magari huko Marekani. Tarehe 24 Februari Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro, aliketi mbele ya wabunge mjini Washington na kuomba radhi. Alikiri kwamba kampuni ilikuwa imekua upesi kupita kiasi, na kwamba wingi wa magari ulikuwa umetangulizwa mbele ya usalama na ubora. Akawakumbusha kwamba jina lililo kwenye kila gari ni lake. Kwa kweli linatofautiana kwa herufi moja, lakini nadhani walimwelewa.

Tazama kwamba ni mwaka wa 2008 tu Toyota ilipoipita General Motors na kuwa kampuni inayouza magari mengi zaidi duniani. Ilivuta pumzi ya ushindi mara moja, ikapaliwa.

Wanasayansi wa shirika la anga za juu la Marekani, NASA, waliombwa kuchunguza kama vifaa vya elektroniki vilikuwa na kosa, na mwaka wa 2011 wakaeleza kwamba hawakuliona. Lakini mwaka wa 2014 Toyota ilikubali kulipa dola bilioni 1.2, baada ya serikali ya Marekani kuituhumu kwamba iliupotosha umma kuhusu matatizo ya vikanyagio na mazulia. Mtambo wa babu ulijitangaza uzi ulipokatika. Wajukuu walikuwa wamejua uzi umekatika na wakaendelea kufuma.

Wala hayo si mambo ya Marekani pekee. Desemba 2023 Daihatsu, kampuni tanzu ya Toyota, ilipatikana na makosa katika majaribio ya usalama ya aina 64 za magari, mengine yakirudi nyuma hadi mwaka wa 1989. Juni 2024 Toyota yenyewe ilikiri dosari katika vyeti vya majaribio ya aina saba. Sikiliza baadhi ya majina: Corolla Fielder, Corolla Axio, Sienta, Isis. Bila shaka moja liko katika maegesho ya jirani yako, kama si yako. Kampuni ilieleza kwamba magari hayo ni salama kuendeshwa, na Akio Toyoda akainama tena mbele ya kamera.

Gari la mtu mwingine

Turudi sasa kwa yule muuzaji wetu. Gari analokuuzia huenda lilitengenezwa vizuri kabisa. Corolla, lililozinduliwa mwaka wa 1966, lilikuwa limeuzwa zaidi ya milioni 50 kufikia 2021, na watu hawadanganyiki kwa wingi huo. Vipuri vyake vimejaa Kirinyaga Road, na fundi wa mtaani analijua akiwa amefumba macho. Hiyo ni faida ya kweli ambayo gari la Ulaya halikupi kwa bei hiyo.

Lakini elewa limefikaje hapa. Nchini Japani gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo ni ghali. Wengi huona afadhali kuliuza. Kenya nayo huruhusu gari lililotumika mradi usukani uko kulia na miaka yake haijapita minane. Kati ya mwenye gari wa Nagoya na wewe kuna mnada, meli, wakala na yadi, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyefunzwa kuvuta ile kamba.

Mimi na kaka yangu tulinunua Corolla kwa pamoja kutoka yadi moja ya jiji hili. Mita ilionyesha kilomita 61,000. Tulifurahi, tukapiga picha, mama akaliombea. Wiki ya tatu tulilipeleka kwa fundi abadilishe mafuta ya injini. Alipofungua mlango wa dereva aliona kikaratasi kilichobandikwa kwenye fremu, kimeandikwa Kijapani. Kijapani hakijui, lakini tarakimu ni zile zile duniani kote. Ilikuwa karatasi ya mafundi wa huko ya kukumbusha siku ya kubadilisha mafuta, na nambari yake ilikuwa 143,000.

Tulirudi yadini. Muuzaji alisoma karatasi, akaigeuza, akaisoma tena kama barua ya mahakama. Kisha akaturudishia na kutuambia, bila haya, "Lakini hii ni Toyota."

Hakuturudishia hata shilingi. Tulibadilisha mkanda wa injini, shokamzoba na breki, tukamkamua kaka mkubwa alipe sehemu kubwa kwa kuwa ndiye aliyelichagua. Sasa tukienda kutazama gari kwa niaba ya jamaa, huanza na fremu ya mlango, kisha mpira wa kikanyagio cha breki kama umelika kuliko mita inavyodai, halafu tunaandika nambari ya chesisi ili tuulize kama ni miongoni mwa yale yaliyoitwa na kiwanda. Wenye yadi hawatupendi.

Corolla lenyewe? Kaka alilipeleka Busia mwezi uliopita na kurudi, likiwa na shehena ya mihogo nyuma. Halikusimama njiani hata mara moja.